Mngurumo wa Kutia Tambi

Kwenye tramu ya Torino, jirani yangu Ornella alimchokoza mwanamume mwenye mvi aliyepakata bomba jipya la moshi la gari kama mtoto mchanga. "Kaka, hako kagari kako hakajaudhi watu vya kutosha?"

"Kanakohoa tu, dada. Kwa bomba hili katanguruma."

"Na nyumbani watakutambua?"

Mwanamume akanywea. "Mama haoni. Akisikia gari langu likikata kona, ndipo anatia tambi kwenye maji."

"Basi leo utazikuta mbichi!" Ornella alijuta papo hapo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulishuhudia.

Yule bwana akapiga simu. "Mama, ni Ermanno. Sikiliza, kuanzia leo nitakuja hivi." Akanguruma kwa mdomo, tramu nzima ikageuka.

Tukafika kituoni. Mlangoni alimgeukia Ornella, simu sikioni. "Anasema nirudie, hajaushika mngurumo vizuri."