Novatus Nduwayo, Aliyemkagua Ng'ombe Mmoja Mara Mbili

Marehemu Novatus Nduwayo alizaliwa tarehe 14 Mei 1971 Nyamiaga, Ngara, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohanes na Mama Deodata. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, na mwaka 1996 akapata stashahada ya uhasibu mjini Mwanza. Mama anasema tangu utotoni alikuwa hali kiazi kabla ya kukigeuza aone upande wa chini.

Mwaka 1997 aliajiriwa na benki moja Ngara kama afisa mikopo. Alikwenda kwa wakopaji bila taarifa. Kwetu ng'ombe hufugishwa kwa rafiki, kwa hiyo zizi kujaa si ushahidi kwamba ng'ombe ni wako. Siku moja huko Kaniha mkopaji alimwonesha ng'ombe kumi na wawili. Novatus akamsogelea mmoja mwenye pembe iliyovunjika: "Shikamoo, mama. Si tuliachana juzi Bisibo, kwenye zizi la mtu mwingine?" Mkopo ukaishia hapo.

Tarehe 26 Juni 1999 alifunga ndoa na Ildefonsa. Kabla ya posa alifika ukweni mara tatu bila kutarajiwa, hadi mama mkwe akauliza, "Huyu anaposa au anakagua?"

Mwaka 2015 alihamia benki inayofuata sharia ya Kiislamu, Biharamulo. Tulimuuliza, wewe Mkatoliki unatafuta nini huko? Akajibu: "Kule wanakopesha kwa riba, huku wananunua kitu na kukuuzia kwa faida. Anayeshindwa kulipa ni yuleyule: usiyemjua vizuri." Mwenzake, Bi Mwanaharusi, alimtania kwamba hata mizani ya dukani kwao haiamini.

Mwishoni mwa 2022 mteja wa Kaniha aliomba benki imnunulie mashine sita za kukoboa mpunga, naye azilipie kidogo kidogo. Novatus alikwenda na kuzikuta tayari zimo ghalani mwa mteja, kuukuu, zimepakwa rangi upya. Muuzaji alikuwa shemeji wa mteja huyo. Novatus aliandika barua ya kupinga. Meneja alikuwa anakimbizana na malengo ya mwaka. Mkopo ukapita, mteja akatoroka. Barua haikuonekana tena kwenye faili. Barua haina miguu, ndugu zangu. Machi 2023 kaka alisimamishwa kazi, mafao yakazuiwa, na kuna midomo iliyosema amekula. Baadhi ya midomo hiyo imekunywa chai yetu asubuhi hii.

Agosti 2023 alipata kiharusi. Kutoka ofisini alikuja kumwona Bi Mwanaharusi peke yake, kila mwezi. Kaka hakuacha kumwuliza Ildefonsa, "Wamenisafisha?" Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, bila jibu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ameacha mama mzazi Deodata, mjane Ildefonsa, watoto Teddy, Irakoze na Juvenali, na mimi mdogo wake, Celestini, ninayesoma.

Tunamshukuru meneja, aliyeketi mstari wa pili, kwa shada kubwa. Juzi Jumatatu, Ildefonsa alifungua kitabu cha misa cha marehemu akakuta nakala ya ile barua, yenye mhuri wa mapokezi wa tarehe 18 Novemba 2022 na saini ya aliyeipokea. Tumeichapa ukurasa wa nyuma wa ratiba mliyoshika. Geuzeni, kama yeye alivyogeuza kiazi.

Lala kwa amani, kaka. Wamekusoma.