Pikapu Iliyokosa Breki na Shamba la Ntumba

Nawasalimu kwa jina la Yesu, ndugu zangu. Mniwie radhi nikisimama huku natetemeka. Jambo lenyewe ni la mvua za mwaka jana, lakini mwili bado haujakubali kwamba limeisha.

Wengi mnaijua pikapu yangu kuukuu. Fundi wake ni mimi mwenyewe. Mke wangu Editha alipokaribia kujifungua, nikasema gari la kumpeleka hospitali Sumbawanga lazima liwe zima. Nikafungua breki zote, nikabadilisha viatu vya breki, nikajaza mafuta mapya. Editha na tumbo lake akakaa kwenye usukani, ananikanyagia pedali, mimi nipo chini natoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki. "Mwenzangu, wenye mimba wanapumzishwa, mimi nafanywa fundi," akalalamika, lakini akakanyaga. Breki zikashika vizuri kabisa.

Uchungu ulianza asubuhi, tukaondoka. Kabla hujaikuta lami ya Mpui kuna mteremko mrefu, na chini yake daraja jembamba. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Nikakanyaga tena, ikawa kama nakanyaga matope. Bomba moja la nyuma, ambalo nililiona zima nikaliacha, lilikuwa limepasuka. Nikajaribu gia ya pili, ikagoma. Hendibreki ndiyo usiseme. Editha akashika dashibodi, akaita, "Yesu!" Daraja linakuja, na watu wamesimama juu yake.

Sikuwaza, ndugu zangu. Nikakata usukani, tukaingia shambani. Mnajua mashamba ya kule siku hizi yanalimwa kwa ng'ombe wa ndugu zetu Wasukuma, yako bapa. Lile moja tu lilikuwa na ntumba, vile vilima vya udongo tunavyofukia majani ndani yake. Vilikuwa vimetoka kuinuliwa, laini. Cha kwanza kikatunyanyua, cha pili kikameza bampa, gari likazama likatulia.

Bibi mwenye shamba akaja na jembe begani. Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikatoa kichwa dirishani nikamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mama mzima?"

Akaweka kiganja kwenye tumbo la Editha, akasikilizia. Kusubiri kule kuliniogopesha kuliko mteremko.

"Anacheza," akasema. "Shukeni taratibu."

Kisha akatuambia kwamba mwaka ule wanawe walishamletea ng'ombe wa kulima mpaka mlangoni, akawarudisha. Sababu yenyewe hakuijua. Nikakaa chini kwenye udongo wake nikalia, mwanamume mzima. Lori la mahindi ndilo lililotufikisha hospitali.

Namshukuru Mungu aliyemfanya bibi yule akatae. Na wewe uliyekaa hapo unaogopa kitu ambacho huwezi kukikagua mwenyewe, njoo umkabidhi Yeye leo, usingoje mteremko. Mke wangu, simama na mtoto, wamwone.