Ndege ya Jean de Dieu Itafika Saa Ngapi

Kijiwe chetu cha Majengo, hapa Goma, ni ubao uliowekwa juu ya mawe meusi ya volkano, mbele ya jiko la Sylvie, muuza kahawa anayetuvumilia. Asubuhi ile alikuja Mama Nyirakamana, jirani yetu, amevaa kitenge kipya. Mwanawe Jean de Dieu, aliyekimbia vita akiwa kijana na kuchukuliwa Canada kutoka kambi ya wakimbizi ya Uganda, alikuwa ameshapanda ndege Montréal. Uwanja wetu wa ndege umefungwa, kwa hiyo angeshukia Kigali, kisha aje kwa gari hadi mpakani, nao mpaka hufungwa jioni. Mama alitaka kujua aende saa ngapi kumpokea. Akatuuliza sisi, Mungu amsamehe.

Alianza Kambere, mfanyabiashara wa Butembo tunayemwita Kilometa.

— Montréal–Kigali ni onze mille kilomètres na kitu, elfu kumi na moja. Miye Goma–Butembo, trois cents, mia tatu tu, nilishalala njiani siku tatu juu ya barrière, basoda banafunga njia na bunduki. Muhesabu wenyewe.

— Kule juu hakuna barrière, papa, alisema Benny. Huyo ndiye tunayemwita Piste, aliyekuwa akishusha mizigo uwanjani kabla haujafungwa.

— Hakuna? Kila inchi iko na mbingu yake, na kila mbingu iko na basoda. Tena pilote lazima apumuzike. Haraka haraka haina baraka.

— Apumuzike wapi, juu ya bahari?

— Maji yakimwagika hayazoleki, alijibu Kilometa, na hakuna aliyejua amejibu nini.

Hapo Théoneste, mwalimu wa shule ya msingi, yaani Professeur, akaweka kikombe chini.

— Munasahau dunia inazunguka. Avion ikishapanda, inasimama tu hewani. Dunia njo inaleta Kigali chini yake.

— Sasa mafuta ni ya nini? aliuliza Piste.

— Ya kupikia abiria.

— Na kwenda Canada?

— Kwenda ni nguvu. Canada inakukimbia. Njo maana wakimbizi banakawiaka kule.

Tulicheka, na Mama Nyirakamana akacheka pia. Kisha akasema polepole:

— Ba papa, nimesikia yote. Sasa miye niende barrière ya mpaka saa ngapi?

Professeur akakohoa.

— Mbele ya midi, saa sita? alijaribu Piste.

— Ama kesho, alisema Kilometa.

Mama akasimama, akakaza kitenge.

— Naenda sasa hivi. Akinikuta namungoja, ni muzuri. Lakini nikimukuta anasimama pale peke yake, kama mutu asiye na mama, ile haya nitaipeleka wapi?

Sylvie akamimina kahawa yote iliyobaki ndani ya thermos, akampa mama, huku Professeur bado amenyoosha kikombe chake.

— Utamupa ikiwa moto, mama, alisema Sylvie.

Basi kahawa ikaisha, na sijawahi kufurahi hivyo kukosa kahawa. Tuliinuka sote tukamfuata, maana mtu aliyetoka mbali vile hapokelewi na mtu mmoja.