Mwendo Kwanza, Umeme Baadaye: Maisha ya Joto

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya naye kazi, tunaomba mkae kwa kadiri viti vinavyoruhusu, tumsindikize mwenzetu kwa kuyasema aliyoyaishi. Familia ilipokutana jana kuandika haya ilikubaliana mapema juu ya jambo moja, kwamba wivu wake usifichwe, maana kila aliye hapa ameuonja, na tukiuficha mtadhani mmekosea msiba.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Joto, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1971, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kiwanda cha mikate, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi redio na mama mkunga. Kwa miaka mitatu alikuwa mfalme wa nyumba ile, mpaka alipozaliwa mdogo wake wa kike, siku ambayo, kwa ushahidi wa mama, aliingia chumbani, akamtazama mgeni pale kitandani, akauliza kwa adabu zote huyu anaondoka lini. Mdogo wake hakuondoka, na ndiye anayewasomea historia hii.

Januari 1978 alianza shule ya msingi iliyopakana na ghala la mbao, akapangiwa dawati moja na mvulana ambaye shati lake lilikuwa limenyooka hata saa ya kwenda nyumbani, watoto wakamwita Pasi, na jina hilo amebaki nalo mpaka leo alipokaa pale safu ya pili. Pasi akiwa wa kwanza darasani, Joto alikuwa wa pili na hakula, na mwaka ambao Joto alikuwa wa kwanza alimtafuta Pasi uwanja mzima ili aone kama ameumia, akamkuta anampigia makofi, jambo ambalo kwa maelezo yake mwenyewe lilimuuma kuliko kushindwa. Walifuatana sekondari, wakafuatana chuo cha ufundi, na Novemba 1995 wakahitimu uhandisi wa elektroniki siku moja, Pasi akiwa amevaa joho lisilo na kunyanzi hata moja, Joto akiwa amevaa la kuazima.

Katika sherehe ya mahafali hayo ndipo marehemu alipokutana na mwalimu wa hisabati aliyekuwa amealikwa na Pasi, na kwa kuwa Pasi alishughulika kuwamiminia wageni soda meza hadi meza, Joto alikaa kwenye kiti kilichobaki wazi, na hakukitoa tena. Walifunga ndoa tarehe 12 Disemba 1998, wakajaliwa binti mwaka 2000 na mtoto wa kiume mwaka 2004, na kwa miaka yote hiyo, kila kompyuta ilipomkorofisha au mvua ilipomfungia ndani, alimuuliza mkewe kama siku ile Pasi alimmiminia na yeye soda, na mkewe, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi, alimjibu kwamba ndiyo, baba watoto, alinimiminia, na nilikunywa yote.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa mwaka 1996 na kampuni ya mitambo ya simu, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, wakati Pasi akipanda ndege kwenda kuajiriwa na watengenezaji wa prosesa, yaani ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Lakini kazi aliyoibeba marehemu moyoni haikuwa ya mshahara, ilikuwa ya kujitolea, nayo aliianza Mei 2006 alipokubaliwa kuwa mlezi wa kiendeshi kimoja ndani ya kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, mfumo ambao watu wengi duniani wanauandika kwa pamoja na kuugawa bure. Kwa faida ya wazee wetu, kiendeshi hicho ni maandishi yanayoiambia prosesa lini ikimbie na lini itembee, ili isichemke bure na isimalize betri wakati mwenyewe anasoma tu barua, na mlezi ni yule ambaye hakuna kiraka, yaani hakuna rekebisho la mtu yeyote, kinachoingia humo bila yeye kukisoma na kuweka jina lake chini.

Joto alikilea kiendeshi hicho kama mume mwenye wivu anavyolinda mlango, akimjibu kila aliyeleta kiraka kwa maswali ya mkwe, unatoka wapi, umekijaribu kwenye mashine gani, mbona maelezo yako marefu hivi, na mkewe, ambaye alijua kuhesabu, alisema mbele ya wifi yake kwamba yeye hakuolewa peke yake, ana mke mwenza asiyepika, asiyezeeka na asiyemkera mume hata kwa bahati mbaya.

Sasa, mwaka 2017, kompyuta ya wifi yangu, ile anayoitumia kupanga maswali ya mitihani, ilipata ugonjwa, kwamba akiifunika na kuifunua tena inatambaa kama konokono mpaka aizime na kuiwasha upya. Marehemu alimwambia kwamba mashine imezeeka, mama, tuiheshimu. Asichomwambia ni kwamba dawa ilikuwapo, imelala kwenye barua zake tangu mwaka uliotangulia, kiraka safi kinachoifanya programu, kila mashine inapozinduka, iiulize prosesa iko kwenye mwendo gani badala ya kuamini ilichokumbuka kabla ya kulala, na kwamba alikuwa amekirudisha mara tatu, mara kwa sababu ya nafasi iliyozidi mwishoni mwa mstari, mara kwa sababu ya jina asilolipenda, na mara ya tatu bila sababu yoyote, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa Pasi.

Mwalimu wa hisabati hakubali jibu lisiloonyesha njia. Aliandika mwenyewe kwenye baraza la barua pepe la walezi wote, hadharani, kwamba mashine yake inatambaa, kwamba mlezi wa kiendeshi husika anamjua vizuri sana kwa kuwa amelala naye chumba kimoja, na kwamba jibu alilopewa halimridhishi. Baraza lilicheka nchi nyingi kwa mpigo, na Pasi, kwa ule upole wake unaoudhi, akamjibu, shemeji, jaribu hiki, akamtumia kiraka. Wifi akakijaribu mezani pake, mashine ikazinduka na kukimbia, naye akaandika kama desturi ya baraza inavyotaka kwamba nimekijaribu, kinafanya kazi, na jina lake kamili chini.

Hapo ndipo Joto alipopata homa, kwa sababu kwa desturi hiyo hiyo majina ya wote walioshiriki huandikwa chini ya kiraka, moja chini ya jingine, na hayafutwi tena maadamu mfumo huo upo, na jina la Pasi sasa lilikuwa limeegemeana na la mkewe mbele ya dunia nzima. Alifunga mlango, akakisoma kiraka kile asubuhi hadi jioni akitafuta la kukikatalia, herufi kwa herufi, na kwa kuwa hakuna anayesoma kama mwenye wivu, akalipata, tena si la kusingizia. Prosesa ikipandishwa mwendo, umeme wake lazima uongezwe kwanza ndipo mwendo ufuate, na ikishushwa, mwendo hutangulia kushuka ndipo umeme upunguzwe, la sivyo ipo siku mashine itaganda ghafla, na Pasi pamoja na wenzake wote waliokipitia hawakuwa wameona kwamba kiraka kilipandisha mwendo kabla ya umeme. Joto alirekebisha, akakubali, akakiingiza, na mstari unaosema nimekipitia akauweka katikati kabisa, juu Pasi, chini mkewe, yeye kati, kama mzazi anayekaa sebuleni katikati ya wachumba. Mkewe alipouona alicheka mpaka akatafuta kiti, na Pasi akaandika neno moja tu, asante.

Oktoba 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi za nyumbani, akalazwa katika hospitali iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, ikagundulika kwamba moyo wake umechoka. Januari mwaka huu, akiwa amelazwa tena, walezi wakuu walitangaza kwamba kiendeshi cha mashine za zamani ambacho mlezi wake ni mmoja na anaumwa kitaondolewa kwenye toleo litakalofuata, asipopatikana wa pili, na kuondolewa maana yake kompyuta kuukuu zilizo katika shule na zahanati zisizo na uwezo wa kununua mpya zingebaki zinatambaa au zinachemka. Walijitokeza watu wanne, na marehemu, akiwa na mpira wa hewa puani, aliwakataa wote, huyu ana haraka, huyu ni mvivu, huyu anasoma kwa huruma. Mkewe alimuuliza nani basi, naye akageukia ukutani, na kwa siku kadhaa hakulitaja jina ambalo nyumba nzima ilikuwa inalijua.

Pasi alikuja mwenyewe Februari mwaka huu wa 2024, shati limenyooka ingawa alitoka safari, akakaa pembeni ya kitanda, na alipoulizwa kwa nini miaka yote alileta viraka vyake kwa mtu anayevirudisha, alijibu kwamba wengine humsoma kwa kumwamini, na tangu dawati lile hakuna aliyewahi kumsoma kwa makini kama Joto. Marehemu akaomba kompyuta, akaandika jina la Pasi kama mlezi wa pili, akaituma barua kwa kidole chake, na akamwagiza mdogo wake aliseme hili mbele ya watu, kwamba kiendeshi amempa, mke hajampa.

Kuanzia hapo alishuka kwa kanuni yake mwenyewe, mwendo ukitangulia, hatua zikapungua, maneno yakapungua, na umeme ukafuata polepole, bila kuganda, hadi mchana wa Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, watoto wawili, mama, na dada mmoja ambaye bado hajaondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipotaka kujua nani mlezi wa programu ya mashine yao ya moyo, majirani waliotupikia na kutupa viti hivi, na wenzake wa kazini na wa baraza. Desturi yao inataka jina la aliyefariki lihamishiwe kwenye orodha ya wanaoshukuriwa, lakini Pasi amekataa kulitoa kwenye orodha ya walezi, akidai kipo kiraka anachokiandika na anamwogopa bado.

Haya, kaka, tumeyasema yote. Mkeo yupo safu ya kwanza, Pasi yupo safu ya pili nyuma yake, na kati yao tumesimamisha kiti kitupu, kama ambavyo ungetaka. Pumzika, Joto, amani ikae nawe.