Maksai wa Tubebane Wajifunze Sauti Zote

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Mpanda, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko, wazee wenye mifugo, kina mama mliotembea kutoka Kawajense na Kabungu, na nyie vijana wangu wa kujitolea wa kikundi cha Tubebane mliojaa hapa Magamba: hamjambo? Aa, hiyo sauti ya wagonjwa. Hamjambo? Haya, sasa nimewasikia!

Mimi ni Mama Ngusa. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini leo nimepewa nafasi ya kusema mbele ya Mkuu wa Wilaya, na waliofika la saba wamekaa wananisikiliza. Kwa nini? Kwa sababu ya yule mrefu aliyeinamisha kichwa pale. Inua uso, Ngusa, watu wakuone! Huyo ndiye aliyesema mkokoteni unaobeba mahindi unaweza kubeba mgonjwa. Yeye na maksai wa baba yake wamewafikisha hospitali watu ambao leo wako hapa wanapiga makofi. Na Jumatatu anakwenda Sumbawanga kusomea uuguzi. Nimemzaa mimi! Mwenye wivu aje tuongee pembeni.

Lakini ndugu zangu, furaha yangu hiyo ina mwiba. Ngusa akiondoka, nani ataswaga wale maksai? Mvua ziko karibu, na gari halipiti Kabungu kwenye tope. Mkokoteni mpya huu hapa, una turubai, una godoro. Utakwenda wenyewe?

Mnakumbuka masika yaliyopita. Ngusa alikuwa na homa, na Minza, binti wa Mzee Masele, akashikwa uchungu. Kijana wetu Nestori, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akasema, "Mimi nitampeleka." Akafunga nira vizuri, wakaondoka. Walipofika kwenye kijito, maksai wakasimama. Nestori akawaamrisha kwa Kiswahili, hawakusogea. Akawabembeleza kwa Kirundi, ndio kwanza wakaanza kula majani. Akavua kofia akawapigia magoti! Mnacheka? Mwenzenu alikuwa analia.

Kosa halikuwa lake. Sisi Wasukuma maksai tunawalea na sauti ya nyumbani tu, tunaona fahari wasipomtii mgeni. Basi Minza akainuka kwenye godoro akasema, "Kaka, wewe kaa pembeni, nitawaambia mwenyewe." Akawaita kama alivyowasikia wachungaji wa kwao wakiita. Uchungu ukija anapiga kelele, maksai wanakimbia. Uchungu ukipoa, maksai wanasimama! Hivyo hivyo mpaka hospitali ya wilaya. Akajifungua salama, na mtoto, Msukuma kamili, akapewa jina la Nestori.

Tulicheka, lakini mimi usingizi ulikataa. Je, kama Minza angekuwa amezimia? Kama angekuwa jirani yetu Donatille, ambaye ng'ombe anamjua kwenye mchuzi tu? Tungezika watu wawili kwa ajili ya fahari yetu?

Vijana, mmeambiwa leo muifikirie dunia iliyo bora. Mimi dunia sijaizunguka. Nilitoka Maswa nyuma ya ng'ombe, nikafika Mpanda, nikaona panatosha. Lakini nikifumba macho ninaiona! Ninamwona mama wa Kabungu ameshikwa uchungu, na hakuna anayeuliza huyu Mbende, huyu Msukuma au huyu katoka makazi ya Warundi kule Katumba. Wanauliza tu, nira iko wapi? Na yeyote aliye karibu anaishika, na maksai wanamsikia! Je, dunia hiyo iko mbali? Mbona mimi naiona iko hapa hapa, inangoja wazee wakubali?

Ndiyo, Baba Ngusa, nakusema wewe. Usiangalie kule. Mzee Manyanda, mume wangu, amesema Ngusa akiondoka maksai wanarudi zizini, mtu mwingine asiwaguse. Tumebishana siku nyingi. Jana nikamwambia, mwanao anakwenda kujifunza kutibu watu, sasa watu wenyewe watamfikiaje? Na leo asubuhi, mwenyewe bila kutumwa, nimemwona anampa Nestori chumvi, anamwonyesha namna ya kuwalambisha mkononi ili wamzoee. Simama, Baba Ngusa! Mpigieni makofi, huyo ndiye mume wangu!

Lakini jozi moja itachoka, nani anatoa ya pili? Mzee Masele, huo ni mkono umeinua au unafukuza inzi? Ni mkono! Jamani, ni mkono! Mwingine nani? Emelyne, wewe na wenzako wa Tubebane msikae, nendeni mkamwulize Mzee Masele maksai wake wanaitwa nani, leo hii waanze kuwasikia.

Mheshimiwa, nimezidisha muda, nisamehe, watoto wa wenzangu wamenipandisha mori. Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu. Ngusa, nenda ukasome, mwanangu. Huku njia iko wazi.