Mama Elinaza na Kisiwani Mbili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Elinaza Mgonja anastaafu uratibu wa Umoja wa Ramani za Visiwa, hapa Same.

Wageni huuliza ofisi ya nchi za visiwa inatafuta nini chini ya milima ya Upare. Kila nchi iliitaka kwake, wakavutana hadi wakachoka. Mama Elinaza, wakati huo mpima ardhi kijana, akawaambia waje Same, ambako hakuna mwenye bahari wa kuonewa wivu. Wakacheka, wakaja. Kazi ikawa kuwafanya waonyeshane ramani, maana kila nchi ilizikumbatia zake kama mkoba sokoni.

Kisha kikaja kimbunga kikubwa. Boti ya wanafunzi wa nchi mojawapo ilivunjika, na mwalimu wao, Mwanaidi, akatuma ujumbe kwamba wako Kisiwani na maji yanapanda. Simu yake ikazima. Boti za nchi yao zilikuwa zimeharibika bandarini. Za nchi jirani zilikuwa tayari, zikatuuliza Kisiwani ni wapi.

Ramani yetu ikaonyesha Kisiwani, kijiji cha hapa Same chenye mbuzi na vumbi. Jamani! Mwenzetu Rodrick, mzaliwa wa kijiji hicho, alipounganisha orodha za majina zilizoletwa na nchi, alidhani kwao kumetupwa baharini kwa makosa, akakurudisha nyumbani. Mahali halisi palibaki kwenye ramani ambayo nchi ya wanafunzi hao ilikuwa imekataa kuitoa.

Rodrick aliinuka, akakiri kosa lake. Mama Elinaza hakumgombeza; alimwambia akae, atamhitaji. Akampigia mkurugenzi wa ramani wa nchi ile, naye akajibu kwamba ombi liandikwe, lipitie wizarani. Mama huyu, anayeitikia marahaba kwa upole hata kwa bodaboda aliyemrushia tope, siku hiyo alifoka. Alisema hakati simu: ama ramani itolewe, ama mkurugenzi abaki kwenye laini hadi maji yawachukue watoto, kisha akawaambie mama zao mwenyewe.

Sisi tulikuwa tunamwomba Mungu kwa sauti. Hatimaye ramani ikaingia, Rodrick akairekebisha nukta, boti zikaondoka. Hatukujua kama zimewahi hadi jioni, Mwanaidi alipopiga kwa simu ya nahodha kusema wote ni wazima. Mama Elinaza akaenda nyuma ya ofisi, akalia.

Mwaka uliofuata nchi zote zilisaini mkataba: kukiwa na dhoruba, ramani zinafunguliwa bila barua. Rodrick sasa anaongoza kitengo cha majina, na hagusi jina bila kuwauliza wenyeji wake.

Mama, asante kwa yote. Tunakuombea afya na miaka ya furaha huko kijijini Mamba, kwenye shamba lako la tangawizi. Ila usiondoke kwanza. Wale watoto wamekuja na mwalimu wao, watu wazima sasa, wamekaa mstari wa mbele. Watakapokushika mkono, usije ukawaambia ulikuwa unafanya kazi yako tu, maana tunakujua. Waache wakushukuru.