Tanuri Aliloliacha Likiwaka: Maisha ya Marehemu Majivu

Wazee wetu, mama zetu, majirani, wachoma mkaa wenzake mlioketi kule nyuma mkidhani hatuwaoni, na ninyi nyote mliokosa viti mkaegemea ukuta, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na imeniagiza nisome kwa utulivu nisiongeze chumvi, jambo ambalo waliomjua marehemu wanajua ni gumu, maana maisha yenyewe yalikuja na chumvi yake. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karibu yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1954, katika nyumba ya udongo ya chumba na sebule iliyokuwa hapahapa lilipo ghala la mahindi, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu mpasua mbao na mama yetu mfinyanzi, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alikohoa kabla ya kulia, hivyo wasije watu wakashangaa alipoishia kwenye moshi.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, katika shule iliyo ng'ambo ya kijito, akamaliza Novemba 1968, na kwa muda wote huo hesabu aliziweza lakini kuwahi kengele hakuweza kabisa, ikawa karibu kila wiki anapewa adhabu ya kuleta kuni za jikoni, naye akazipanga kwa ukubwa, zilizokauka upande huu na mbichi upande ule, hadi mpishi wa shule akawa anamwombea achelewe tena.

Baada ya shule alimsaidia baba kupasua mbao, na mwezi wa Mei 1973, baba alipoumia mgongo na msumeno mkubwa ukakosa wa kuushika upande wa pili, marehemu alichukua shoka, sepetu na reki akaenda kujifunza kuchoma mkaa kwa mzee mmoja jirani yetu, katika msitu ulioanzia nyuma ya nyumba zetu. Mzee yule alimfundisha kupanga magogo, kuyafunika kwa nyasi mbichi na udongo, kuacha matundu ya hewa kwa chini, na kuutazama moshi, kwamba ukiwa mweupe ni maji yanatoka kwenye kuni, na ukigeuka wa bluu na mwepesi mkaa umeiva, matundu yote yazibwe upesi. Alimfundisha pia desturi ambayo wachoma mkaa wa hapa wanaishika mpaka leo, iliyowekwa ili watu wasije wakatupiana lawama, kwamba mtu aliyewasha tanuri ndiye atakayeliziba, na mwingine yeyote hagusi udongo wake hata akiliona linaharibika. Naomba desturi hiyo mwiweke akilini, maana tutairudia.

Siku ya Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1979, marehemu alifunga ndoa na shemeji yangu huyu aliyeketi hapa mbele, binti wa fundi baiskeli wa pale njia panda, na sherehe hiyo nusura iingie mdudu, kwa sababu bwana harusi alikuwa amewasha tanuri katikati ya wiki akijipigia hesabu kwamba litaiva Ijumaa, kumbe kuni zilikuwa bado na unyevu, Ijumaa ikapita, na Jumamosi watu wakiwa wamekaa kula, habari zikaja kwamba tanuri limepasuka ubavuni linatoa moto, na wenzake wamelizunguka wanalitazama tu kwa sababu ya ile desturi. Alitoka mezani mbio na koti la kuazima, koti la mjomba wetu, na bibi harusi, ambaye shangazi zake walikuwa wanamkonyeza alie, akakunja gauni akamfuata, akashika sepetu, wakatupia udongo wote wawili hadi huwezi kujua nani ni nani, lakini walikuwa wamechelewa, tanuri zima likawa majivu. Siku ile ndipo alipopewa jina la Majivu, nalo likamganda hata wajukuu wanalitumia, na mkono wa koti la mjomba ulitoboka, na mjomba alilitaja koti hilo katika kila kikao cha ukoo hadi alipotutoka.

Mwanzoni mwa ndoa shemeji alikuwa akimpelekea chakula tanurini na kinafika kingali moto, lakini miti ya karibu ilivyozidi kukatwa matanuri nayo yalizidi kusogea, chakula kikawa kinafika vuguvugu, halafu kikawa kinafika baridi, na kufikia mwaka 1994 mchuzi ulikuwa unafika umeganda, kilima cha nyuma kimebaki kipara, na shemeji ndiye aliyemwambia bila kumung'unya maneno kwamba mume wangu, msitu unaumaliza na mimi unanimaliza miguu. Maneno yale yalimwingia, akaanza kutafuta njia ya kupata mkaa mwingi kwa miti michache.

Mwezi wa Februari 1996 alinijia karakana kwangu, nyuma ya stendi ya malori, na mapipa matatu yaliyotoboka juu ya toroli, akanitaka niyaunganishe yawe bomba la moshi kama la bekari, nikamwambia kaka, jua limekupiga, kisha nikayaunganisha hivyohivyo kwa sababu ningefanyaje. Mara ya kwanza alilisimika katikati, juu kabisa ya tanuri, likavuta hewa kwa pupa na kumkumbusha jina lake, mara ya pili akalisimika ubavuni kwa chini, moshi ukalazimika kushuka na kuzunguka kuni zote kabla ya kutoka, na mkaa ukatoka mwingi na mzito kwa miti michache kuliko alivyozoea. Mwaka uliofuata wenzake wote walikuwa wamepanga foleni karakana kwangu, kila mmoja na pipa lake, na sikulalamika.

Mwaka 2005 alikuja afisa misitu ambaye leo yupo nasi, wakati huo binti mbichi mwenye viatu vipya, akamweleza marehemu kwamba visiki anavyoviacha virefu usawa wa kiuno vinakufa bure, akate chini ya goti na kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame, mbuzi wazuiwe, na msitu ugawanywe vipande, kinachokatwa kiachwe hadi kikomae tena. Marehemu alimjibu kwamba mgongo wake haukuumbwa kwa kuinama, wakabishana msimu mzima, mpaka siku aliporudi kwenye visiki vichache alivyokata ili binti wa watu amwache apumue, akakuta vimetoa machipukizi manene kama kidole gumba, na kuanzia hapo akawa anawafokea wenzake wa kikundi cha wachoma mkaa cha hapa kwa maneno yaleyale ya afisa, akidai ni ya kwake.

Katika ndoa yao Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti, fundi cherehani, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1981, wa pili kijana, dereva wa lori, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1984, na wa mwisho binti anayefanya kazi maabara, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1988, nao wakamletea wajukuu saba, ambao kila mmoja kwa wakati wake aliambiwa na babu kwamba yeye ndiye anayependwa kuliko wengine, na siri hiyo imefichuka juzi hapa msibani.

Kuanzia Oktoba 2019 kifua kilianza kumsumbua, na hatutaficha, ni moshi, daktari akamkataza kusogelea tanuri, marehemu akaitikia vizuri sana, ndiyo daktari, nimekuelewa daktari, akarudi nyumbani akahamishia kigoda chake upande upepo unakotokea, akasema hapo ametii. Hatukumweza, na sijui nani angemweza.

Mwezi wa Aprili mwaka huu ofisi ya misitu ilitangaza kwamba msitu wetu utafungwa kwa wachoma mkaa, kwa sababu sehemu nyingine watu wamekata hadi pakabaki peupe, isipokuwa kikundi kionyeshe kwa tanuri moja, mbele ya afisa, kwamba miti iliyochipua kwenye visiki inatoa mkaa wa kutosha bila mti mwingine kuguswa, ikiwa mkaa wabaki na vipande vyao, ikiwa majivu kila mtu atafute kazi nyingine. Kikundi kilimchagua marehemu, naye akaliwasha tanuri hilo Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, katika kipande cha kwanza kabisa alichokiacha kichipue, nyuma ya nyumba hii, mahali ambapo chakula cha shemeji kinafika tena kingali moto, na hilo alijivunia kuliko bomba.

Jumamosi ya tarehe 8 pumzi zilimkatika akiwa palepale kigodani, tukamkimbiza hospitali, na tanuri likabaki peke yake, wenzake wamelizunguka mikono kifuani, wanajua mkate wao uko chini ya udongo ule na hakuna anayethubutu kuugusa. Shemeji alitoka hospitalini akaja moja kwa moja, akawauliza kama wamemsahau aliyeshika sepetu siku ya harusi yake, akasema tangu siku ile hakuna tanuri lililowashwa na mume wangu ambalo sikuliwasha na mimi, haya nipisheni, wakampisha, akawa yeye ndiye anayefungua na kuziba matundu, na binti yao mkubwa akawa anapeleka habari za moshi hospitalini, maana mgonjwa hakuuliza kuhusu dawa hata mara moja.

Jumanne ya tarehe 11 Juni, saa tisa alasiri, binti alimwambia, baba, moshi umekuwa wa bluu, karibu hauonekani, akafumbua macho, akasema neno moja tu, zibeni, na saa kumi na moja na nusu jioni akatutoka akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Shemeji hakuwepo kando ya kitanda, alikuwa tanurini anaziba, na nawaomba asitokee mtu wa kumsema kwa hilo, alikuwa pale mume wake alipotaka awe.

Tangu siku ile tanuri lilikuwa linapoa, na juzi Alhamisi baadhi yetu, sitawataja ila mmoja wao anawasomea karatasi hii, tulitaka tulifungue upesi ili tuje na habari hapa, shemeji akatuuliza kwa upole kama tunataka marehemu azikwe na jina lake mara ya pili, maana tanuri likiingiwa na hewa kabla halijapoa linawaka upya, tukarudi kukaa. Amelifungua mwenyewe leo asubuhi mbele ya afisa na kikundi, na mkaa umetoka mzima, mweusi unaong'aa, ukiugonga unalia, afisa ameupima na ameniruhusu niseme hapa kwamba msitu haufungwi, kikundi kinabaki na vipande vyake vyote, na watu wazima tumelia pale tanurini kuliko tulivyolia siku ya msiba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa mbishi, majirani mliotupatia maji, viti na vyumba vyenu, afisa misitu aliyeshinda ubishi wa msimu mzima, wenzake wa kikundi mliochimba kaburi kwa sepetu zilezile, na wote ambao muda hautoshi kuwataja. Chakula mtakachopewa baada ya mazishi kinapikwa kwa mkaa wa tanuri hilo, hapa nyuma tu, na shemeji anawaomba mle kingali moto.

Kaka, tumeziba kama ulivyosema, tumefungua, na si majivu. Pumzika sasa, amani iwe nawe.